Koti la Mwalimu Obadia

Shule zilipofunguliwa mwishoni mwa Juni, mwaka ule wa korona, wakubwa walileta ndoo za kunawia na sabuni. Ndoo zikakaguliwa. Mwalimu amerudi na kichwa gani, hilo halikuulizwa, kama ambavyo halikuulizwa enzi za kipindupindu, na wenye kukumbuka wapo.

Madam Hosiana, wa shule moja kata ya Misima, Handeni, alirudi mjane. Mumewe Obadia, aliyefundisha hapohapo, alifia Korogwe mwezi Mei. Watu wa afya wakamzika kwao Mpale, Usambaani, harakaharaka, ndugu wakiwa nyuma ya kamba. Mdoe, mwalimu mwenzao, Mzigua na mtani wa Wasambaa, alikuwa amekwenda kutimiza kazi ya mtani msibani: kumwigiza marehemu na kumtukana mpaka wafiwa wacheke. Kamba ikamzuia. Akarudi Handeni na matusi yake kifuani.

Tangu hapo Hosiana akiingia Darasa la Saba huandika tarehe ubaoni, sauti ikakwama, akakaa. Na mtihani wa taifa unabisha hodi.

"Madam, wazazi wanalalamika," alisema mwalimu mkuu, Mathias. "Leo usipofundisha, naandika barua kwa wakubwa. Kazi itakuponyoka."

Hosiana akaenda darasani. Tarehe ikaandikika, sauti haikutoka. Akarudi ofisini. Koti la Obadia lilikuwa bado kwenye msumari tangu shule zifungwe, na kila mwalimu alilipita ameinamisha kichwa.

"Pole, madam," Mdoe akasema, macho chini.

Pole hiyo ikamchoma.

"Madam? Toka lini, we mla bada la muhogo? Miaka yote unaniita Msambaa asiyeoga kwa baridi, leo mume kafa ndiyo umepata adabu?"

"Nauheshimu msiba."

"Heshima yenu ndiyo inaniua! Mnanitazama kama kaburi. Hata wewe!"

Mdoe akainuka. Akalitungua koti, akalivaa, akafunga vifungo hadi kooni, akakohoa mara mbili kama Obadia akianza kipindi.

"Darasa! Nimekufa makusudi, nikwepe zamu ya kukagua vyoo. Na uji wa mke wangu ulikuwa na mabonge!"

Walimu wakashika vinywa. Mathias, kalamu ya ile barua mkononi, akafoka: "Mdoe, una akili kweli?"

Lakini Hosiana alikuwa anacheka. "Mwongo! Uji alikuwa anapika yeye!" Akacheka hadi kicheko kikamgeukia, akalia kwa sauti, kilio alichokizuia tangu Mpale.

Mathias akaweka kalamu, akachukua chaki. "Darasa la Saba naingia mimi leo."

Mdoe akaanza kufungua vifungo.

"Kaa nalo," Hosiana akasema, akijifuta kamasi. "Mtani haondoki msibani mikono mitupu. Ila kwa tumbo hilo utalipasua."

Kesho yake akaandika tarehe. Sauti ikakwama. Chumba cha pili, mtu akakohoa mara mbili.

"Kimya wewe, mla bada!"

Watoto wakaangua kicheko.

"Na nyie kimya. Fungueni madaftari ya hisabati. Tunaanza na sehemu."