Anayekula Intaneti ya Tonton Paluku

Tonton Paluku alichagua kila kitu kwa kukiinua. Jenereta, kufuli, hata simu: kikiwa kizito ni kizuri, kikiwa chepesi ni cha kudanganyia watoto. Kwa hiyo yeye na Kahambu, binti wa kaka yake aliyemwita Tonton, yaani ami, walipofika kwa Alfani, muuzaji wa vyombo vilivyotumika Ulaya pale Makiso, alikwenda moja kwa moja kwenye swichi kubwa kuliko zote, sanduku la chuma lenye safu mbili za matundu ya kuchomeka nyaya za mtandao, akalikumbatia.

"Hii iko mashine," akasema.

Alfani akaiwasha. Feni zake zikanguruma hadi jirani akaja kuchungulia, na Tonton akazidi kuipenda.

Kahambu, mtunzaji wa kompyuta za ofisi, alikuwa roho juu. Intaneti ya ofisi yao ya biashara ya jumla ilikuwa inakwama kila siku, na Tonton alishaamua mwizi ni nani: Ruphin wa depo, ghala la bidhaa, mtu mkimya wa Isangi mwenye watoto watatu, ambaye eti alikuwa anatazama mpira kazini. Ruphin alikana. Tonton akasema Jumamosi atamfukuza. Kahambu alimpenda Ruphin, ila kusema kweli hata yeye hakuwa na hakika. Alichohitaji ni swichi inayoongozwa kwa kompyuta, ile inayoonyesha kila waya unapitisha kiasi gani na kukuruhusu kufunga tundu unalotaka.

Akaiona chini ya rafu, ndogo, haina feni, imejaa vumbi. Alfani akaichomeka, taa zikawaka, akasema ndiyo hiyo, nzima kabisa. Kahambu hakuridhika, taa hata mdoli anazo. Swichi ilikuwa bado na neno la siri la wamiliki wake wa zamani, na bila kuingia ndani yake ilikuwa bati tu. Alfani akamwambia hayo atamalizia ofisini. Kahambu akavuta kiti, akaketi, akasema ana nafasi. Basi Alfani, nusu akicheka nusu akinung'unika, akatafuta waya wa kuiunganisha na kompyuta, wakabonyeza kitufe cha nyuma mpaka swichi ikawasahau mabwana zake, kisha Kahambu akajaribu tundu baada ya tundu. Moja lilikuwa limekufa. Mengine yalitosha.

Tonton alikubali shingo upande. Njia nzima alilalamika kwamba amenunua kitu chepesi kama mkate.

Kesho yake asubuhi Kahambu aliiunganisha ofisini na kufungua laptop yake. Tundu la nne lilikuwa linameza karibu intaneti yote. Nyaya zilipita juu ya dari bila alama yoyote, kwa hiyo hakujua la nne linakwenda kwa nani. Akalifunga, akangoja atakayelalamika. Ofisi nzima ikageukia mlango wa depo. Ruphin akatoka, akauliza mbona wanamtazama hivyo.

Hapo ukafunguka mlango wa patron, bosi wao.

"Nani amekata Butembo?" akauliza Tonton.

Ikajulikana kwamba kila asubuhi aliwasha simu ya video kwenye kompyuta yake, akaiunganisha na duka lake la mjini Butembo, mahali mama yake anapokaa karibu na kaunta, na kuiacha wazi mpaka jioni.

"Lakini hatusemake kitu," akajitetea. "Tunaangaliana tu. Nilizania inakulaka internet wakati watu wanasema."

Watu walicheka mpaka wakashika meza. Kahambu, aliyekuwa karibu kulia kwa furaha, akalifungua tundu, ila akalipunguzia kasi. Ruphin hakucheka. Alikuwa anarudi depo Tonton alipomshika mkono na kumvuta mbele ya kompyuta.

"Mama, Ruphin ni huyu. Nilikuambia anaiba internet. Mwizi ni mimi."

Mama mtu, bibi yake Kahambu, akasogea mpaka kioo kizima kikawa kitambaa chake cha kichwa. Akauliza, kwa Kiswahili ili Ruphin naye asikie, kama ameshamwomba msamaha. Tonton akasema bado.

"Basi omba. Niko naangalia."

Tonton Paluku akamwomba Ruphin msamaha mbele ya ofisi nzima, kwa sauti ndogo. Picha ikaganda, ikarudi. Bibi akasema hakusikia, arudie.

Akarudia.