Mgongo wa Jenerali Barragán

Eleuterio Barragán aliingia vitani na mkuki wa mwanzi na farasi wa kuazima. Hakuwa mtu wa jeshi. Alikuwa akifundisha farasi wakaidi katika mashamba ya kando ya mto Gualeguay, kijana mwenye matege na maneno machache, na huenda angezeekea kwenye kazi hiyo kama wakubwa wa Buenos Aires wasingetuma askari katika mkoa wa Entre Ríos kuwafunza watu wake namna ya kutawaliwa. Askari hao walichoma nyumba ya mama yake. Kesho yake Eleuterio alifunga kisu kwenye ncha ya mwanzi, akawafuata.

Tangu hapo vita havikumwachia. Serikali zilikuja zikaanguka, maadui wakawa washirika, kisha wakarudia uadui wao. Yeye alipanda cheo kwa sababu waliomtangulia walikufa naye hakufa. Alikuwa sajini alipokatwa vidole vya mkono wa kushoto, kapteni alipomwoa Casilda Urdampilleta, kanali alipomzika mwanawe wa pekee, aliyeuawa akiwa kwenye tandiko. Alipofikia ujenerali ndevu zilikuwa nyeupe. Majina ya wapiganaji wake yalikuwa yameanza kumtoka, lakini jina la kila farasi alilijua.

Ndipo alipokuja Daktari Saturnino Achával, mjumbe wa serikali, mtu wa koti jeusi aliyeshuka kwenye gari lake la farasi akijipangusa vumbi kama aliyetukanwa. Casilda alimpa kiti uani na kibuyu cha yerba, chai chungu ya huko, ikiwa ya moto. Mjumbe alieleza kwa upole kwamba kuna vita mpakani, kaskazini, na kwamba kikosi cha wapanda farasi wa Entre Ríos kinavunjwa. Wanaume watafundishwa kupigana kwa miguu. Farasi watachukuliwa.

"Dunia imebadilika, Jenerali," alisema. "Bunduki za siku hizi zinamwangusha mtu kabla hajaonekana vizuri. Farasi wako sasa ni wa gwaride tu."

"Kama ni wa gwaride tu, mnawatakia nini?"

"Wavute mizinga."

Watu waliokuwa wakichoma nyama karibu na zizi walikuwa wamegeuka kusikiliza.

"Mtu wa huku ukimshusha kwenye farasi, umemkata miguu," alisema Barragán. "Rudi ukawaambie waliokutuma kwamba hawapati hata kwato."

"Huo ni uasi, Jenerali."

"Uite utakavyo. Maliza kinywaji chako, kinapoa."

Gari lilipoondoka Casilda alimwambia mumewe kwamba amezeeka. Akajibu kwamba analijua hilo. "Hata mimi nimezeeka," alisema Casilda. "Nitandikie yule jike wa kijivu." Barragán alimjua mkewe, hakupoteza muda kumbishia.

Serikali ilimtuma Kanali Nicanor Ledesma kumkamata. Uteuzi huo ulikuwa na shari ndani yake, maana Nicanor alikuwa mtoto wa rafiki marehemu wa Barragán, na Barragán ndiye aliyemsimamia ubatizo, akamlea, akamfundisha kupanda. Walikutana asubuhi ya ukungu kwenye uwanda wenye majani marefu. Wapanda farasi walishambulia kama walivyozoea, mikuki chini, vitambaa vyekundu vichwani, wakipiga mayowe. Bunduki mpya ziliwapokea mbali sana, mahali ambapo zamani mtu angekuwa bado anavuta pumzi tu. Wakarudi nyuma, wakajipanga, wakashambulia tena. Farasi wa Jenerali alipigwa kifuani akamwangukia mguu, na alipofaulu kujichomoa, alikuwa amezungukwa.

Casilda aliwakusanya waliobaki, akawapeleka kwenye vinamasi vya mto Uruguay. Upande wa pili ilikuwa nchi nyingine, na wangeweza kuvuka siku hiyo hiyo. Hawakuvuka. Walikuwa wakipanga namna ya kurudi kumchukua mzee wao.

Nicanor alilijua hilo. Aliingia kwenye hema alimofungiwa Barragán, akakaa chini mbele yake.

"Baba, kawaambie waweke mikuki chini. Nitawaacha waende makwao, na wewe hutauawa. Nakuapia."

"Na farasi?"

"Farasi ni mali ya serikali."

Barragán aliutazama mguu wake uliovimba. Akasema yuko tayari kwenda kuzungumza nao, na baada ya kuzungumza atarudi.

Walimpandisha kwenye farasi mzee, wakamsindikiza hadi ukingo wa kinamasi, kisha akaendelea peke yake, bunduki zikiwa zimemwelekea. Watu wake walitoka kwenye matete. Wengine walikuwa wamefungwa vitambaa vyenye damu, wengine wamepandana wawili wawili.

"Nicanor anasema mkiweka mikuki chini mtakwenda nyumbani," aliwaambia kwa sauti ya kusikika hadi nyuma. "Mimi namwamini. Ila mtakwenda kwa miguu, na farasi watabaki kwake. Kwa hiyo vukeni mto. Vukeni sasa hivi, msinisubiri."

"Na wewe?" aliuliza Casilda.

"Nimeahidi kurudi."

"Umewaahidi hao?"

"Walioahidiwa ni hao, aliyeahidi ni mimi."

Casilda alimwita nyumbu, na mwana wa nyumbu, na mengine ambayo wanaume walijifanya hawakuyasikia. Kisha akamgeuza jike wake akaingia majini wa kwanza. Barragán alisubiri mpaka wa mwisho wao alipokuwa akiogelea ameshika singa za farasi wake, ndipo akageuka akarudi kwa waliomteka.

Nicanor alikuwa amebadilika rangi. "Umenidanganya."

"Uliniomba nizungumze nao. Nimezungumza."

Hukumu ilitolewa siku hiyo hiyo: kupigwa risasi mgongoni, kama wanavyouawa wasaliti. Wakampeleka kwenye ukuta wa duka la njiani na kumwamuru autazame. Alisimama akiwatazama wao. Askari wawili walimgeuza kwa nguvu; walipomwachia akageuka tena, akichechemea, bila haraka. Wakamgeuza. Akarudi.

"Tangu ujana wangu kila adui ameniona uso," alisema. "Mgongo wangu hajawahi kuuona hata mmoja, na nyinyi hamtauona. Pigeni hapa." Akagonga kifua kwa mkono ule usio na vidole.

Wengi wa askari wale walikuwa vijana wa Entre Ríos waliokamatwa mashambani na kuvalishwa sare. Baba zao walikuwa wamepanda farasi vitani pamoja na mtu huyu. Ofisa alipotoa amri, mmoja alishusha bunduki, kisha aliyekuwa kando yake, na baada ya muda hakukuwa na bunduki iliyoinuliwa. Ofisa alimtazama Nicanor. Nicanor angeweza kurudia amri hiyo kwa kinywa chake mwenyewe. Badala yake alisema mzee apakiwe kwenye mashua, avushwe, na akirudi tena atauawa.

Kwa neno hilo alipoteza ukanali. Mwaka uliofuata yeye pia alivuka mto, bila sare, akiwa mwembamba. Casilda hakutaka kumwona. Barragán alimpa mwanafarasi mkali wa kufundisha, akakaa kwenye ua wa zizi akimkosoa mchana kutwa kwamba bado anavuta hatamu kama mtu wa mjini.

Walikuwa wakiishi kwa kufuga na kufundisha farasi huko ng'ambo, na wapiganaji wale wa kinamasini walikuwa karibu nao. Serikali ya Buenos Aires ikabadilika tena. Mpya ilitaka amani na mkoa, ikamtuma bwana mmoja mwenye adabu kumwambia Jenerali kwamba amesamehewa, cheo chake kitarudishwa, na anaweza kuvuka kesho.

Barragán aliuliza amesamehewa nini.

"Uasi wako, Jenerali."

Mto ulionekana kutoka pale walipokaa, na ng'ambo yake ardhi aliyozaliwa. Aliitazama kwa muda.

"Nikiuchukua msamaha wenu, nitakuwa nimekiri kwamba nilikosa," alisema. "Sikukosa. Wakitaka nirudi, waje hapa waniombe radhi wao. Nitawapokea vizuri, mke wangu atawachomea nyama."

Hakuna aliyekuja. Aliishi miaka mingi baada ya hapo, akafia huko ng'ambo, na hakuvuka.