Mzigo wa Shangazi Selestina

Shangazi Selestina amewapikia watalii kambini miaka ishirini na mbili. Wengine, anasema, walitoka mbali ili wakae kimya tu, na yeye ndiye aliyekuwa akiwapelekea chai. Alipoacha kazi mwaka huu akatuambia sasa ni zamu yake. Atakaa peke yake siku thelathini kwenye kibanda cha mizinga ya nyuki alichoacha marehemu mumewe, juu mlimani Oldeani, shamba linapogusana na msitu.

Baba yangu, Tluway, ndiye kaka yake mkubwa. Hakukataa wala hakukubali. Alisema Jumamosi atakuja kuukagua mzigo, na asiporidhika safari hakuna.

Mimi naishi na Shangazi, kwa hiyo niliona yote. Wiki mbili alilala jiko la nje, simu kaizima, ajizoeze. Alipaka kamba oili chafu na pilipili ya kusaga, za kuzungushia kibanda, maana tembo wa kule kelele wameshazizoea, ila pua zao hazipendi kuwashwa. Unga akautia kwenye ndoo ya rangi yenye kifuniko, maharage makavu, chumvi, basi. Chenye harufu tamu hakiingii. Hata sabuni yangu ya kunukia niliyomfungia alinirudishia, wala hakunisema.

Tabu ililetwa na upendo. Kwetu kumwacha mtu aondoke mikono mitupu ni aibu. Jirani yetu Cresensia akaleta mkungu wa ndizi mbivu. Hamidi wa dukani akaleta tende. Yakaja maboga, yakaja mapapai. Shangazi akapokea kwa mikono miwili, akashukuru, akapanga ukutani. Mimi roho juu: akikataa atawaumiza watu, akibeba atawaita tembo.

Jumamosi Baba naye akaingia na mzigo wa miwa begani. Akasema ni ya kule porini.

Shangazi aliitazama, kisha akanituma nikaazime sufuria kubwa, na nikiwa njiani niwaite wote walioleta kitu. Maboga yakachemshwa, mapapai yakakatwa, ndizi na tende zikapita kwenye sinia. Miwa aliimenya mwenyewe, na pingili ya kwanza akampa Baba.

"Selestina, unatulisha zawadi zetu wenyewe?" Cresensia akamtania.

"Mlitaka nikale peke yangu?" akajibu. "Huko nitakumbuka tulivyokula wote."

Watu wakacheka, wakala mpaka maganda yakajaa uani. Hakuna aliyeondoka amenuna.

Walipotawanyika Baba akafungua gunia la safari la Shangazi. Akatoa kimoja kimoja, akanusa mpaka chini. Akauliza akiugua tutajuaje. Shangazi akamweleza kwamba kila siku ya tatu, saa nne asubuhi, atatundika shuka nyekundu juu ya mti unaoonekana kutoka shambani kwetu. Mimi ndiye nitakayeangalia. Isipoonekana, tupande kumfuata. Baba akanitazama kidogo, akaridhika na mimi pia, nadhani.

"Ningekuta pingili moja ya muwa humu," akasema, "ungebaki nyumbani. Niliileta makusudi."

"Najua, Kaka. Tangu tuzaliwe hujawahi kuniletea muwa."

Baba akainama akafunga gunia, na niliona anaficha kicheko. Akasema kesho alfajiri anakuja na punda.

"Njoo mapema," Shangazi akamwambia, "kabla Cresensia hajaamka."