Birika la Bimdogo

Mwaka ule wa sabini na nane falaji, mfereji unaonywesha bustani zote za mtaa wao pale Ibra, Omani, lilipungua maji. Wakili wa falaji hilo, mgawa zamu za maji, Sheikh Marhun, akatangaza msikitini: atakayejenga kitu cha kuokoa maji na kuiachia zamu yake ipite, bustani yake itasamehewa ushuru.

Bimdogo, mjane aliyerudi kutoka Unguja, alikuwa na midimu yake na zamu ya maji aliyoachiwa na marehemu babake. Akajenga birika la saruji na kutandaza mifereji ya bati pembeni mwa paa, kama kwao Unguja, akasubiri mvua. Mvua gani, Ibra? Mtaa mzima ulimcheka, naye aliona haya kwelikweli. Lakini Bimdogo si mtu wa kubomoa alichokijenga. Akapitisha bomba kutoka bafuni, maji ya kuogea yakachujwa kwa kokoto na mchanga, yakaingia birikani, midimu ikanywa hayo. Kilango chake cha falaji akakiziba kwa jiwe kiangazi kizima, maji yakapita kwenda bustani ya chini.

Marhun alipokuja kukagua, aliitazama ile mifereji ya bati akacheka mpaka kilemba kikamlegea. Naye alikulia Unguja, ila alijifanya hapajui.

"Ya Bimdogo, mvua ya Unguja umeiacha Unguja! Hapa hapana msamaha. Lipa, au Ijumaa nainadi zamu yako."

"Na maji yaliyomo humo, Sheikh?"

"Hayo uchafu tu. Khalas."

Bimdogo aliwaka. Zamu ikishanadiwa hairudi, na bila ya zamu ya babake yeye pale ni mtu wa kuja tu.

"Basi nadi," akamwambia. "Lakini mpaka Ijumaa ni yangu."

Keshoye, saa ya zamu yake, aliling'oa lile jiwe. Maji ya falaji yakamiminika birikani, nayo bustani ya chini ikakauka mtaro. Bustani yenyewe ya nani? Ya Marhun. Akaja mbio, pindo la kanzu mkononi, majirani nyuma yake.

"Nani kaziba maji?"

"Hapana aliyeziba. Nimefungua yangu." Bimdogo alikuwa amelikalia jiwe, miguu majini.

"Wallahi, lirudishe! Tende zangu ziko juu, hazijaiva!"

"Kwanza niambie, Sheikh. Kama birika langu haliokoi kitu, mitende yako kiangazi chote ilikuwa ikinywa nini?"

Safari hii hakucheka mtu. Marhun akautazama mtaro wake mkavu.

"Haya, umesamehewa."

"Si hapa. Ulitangaza msikitini, katangaze huko huko. Waambie mvua ya Unguja imenyesha Ibra, na mitende yako ndiyo iliyoinywa."

Marhun akashika njia ya msikitini. Bimdogo hakuinuka juu ya jiwe lake mpaka waliotoka kusali walipomjia na khabari kwamba imetangazwa.