Mjane Mwenye Mume

Lenzi hakuzaliwa na jina hilo. Alipewa na mkewe siku aliyorudi nyumbani na kamera shingoni, kubwa, yenye mdomo mrefu, akakataa kuivua hata wakati wa kula. Mke alikusudia kumdhihaki. Yeye akalipokea kama nishani.

Mchana aliuza miwani katika duka dogo karibu na stendi, akiwahakikishia wateja kwamba fremu nyekundu huwapa sura ya wasomi. Jioni alikuwa msanii. Ushahidi wa usanii wenyewe ulikuwa kwamba hakuna mtu aliyeelewa picha zake, na Lenzi alihesabu hilo kuwa kosa la watu.

Basi klabu ya wapiga picha ya mjini ikatangaza mashindano kwa wale wanaopiga picha kwa kujifurahisha tu. Mada ilikuwa "Uso wa Maisha". Kila mshiriki alete picha moja, aipe jina, na zile bora zitundikwe katika ukumbi wa maktaba. Ruhusa kurekebisha mwanga na rangi. Marufuku kuongeza au kuondoa kitu. Lenzi alilisoma sharti hilo la mwisho kwa umakini wa mtu anayetafuta mlango wa nyuma.

"Wanaposema kitu," alimweleza mkewe, "wana maana ya kitu muhimu. Takataka hazihesabiki."

"Na nani anaamua ipi ni takataka?"

"Msanii."

"Ahaa," mke alisema, akaendelea kukunja nguo. Alikuwa mwalimu wa hesabu, na hakuwa na mazoea ya kubishana na jibu lililokwisha kujikosoa lenyewe.

Jumapili, vyombo vilipokwisha kuoshwa, wakakaa mbele ya kompyuta kuchagua. Kulikuwa na machweo. Kulikuwa na machweo mengine. Kulikuwa na machweo yaliyopinda, ambayo Lenzi alieleza kwamba yamepinda makusudi. Kulikuwa na paka wa jirani, ambaye katika kila picha alikuwa ndiyo kwanza anaondoka. Halafu akatokea mke mwenyewe, kajilaza kwenye kochi, usingizi umemchukua, mdomo wazi.

"Hii ina ukweli," Lenzi alisema.

"Ipeleke," mke alijibu kwa upole. "Halafu nawe utafute pa kulala penye ukweli."

Ikapitwa haraka. Na ndipo walipofika kwa Mama Mkubwa.

Mama Mkubwa alikuwa dada wa mama yake Lenzi, na ndiye aliyemlea. Mwanamke mnene wa furaha, mwenye sauti ya kuita watu mtaa wa pili bila simu. Lenzi alimpiga picha hiyo jikoni kwake, akikata vitunguu. Masikioni hereni za dhahabu ambazo havui hata anapooga. Nyuma yake friji jipya, stika ya dukani bado haijabanduliwa, maana wageni nao wana haki ya kujua. Upande wa kushoto ulichomoza mkono wa Baba Mkubwa, mumewe, aliyekuwa anauliza kwa mara nyingine soksi zake ziko wapi. Mama Mkubwa alikuwa amemgeuzia uso, na shavuni linamteremka chozi.

"Chozi!" Lenzi alishika kichwa.

"La kitunguu."

"Chozi ni chozi. Kitunguu ni takataka."

Basi kazi ikaanza. Kwanza aliondoa rangi zote, kwa sababu inajulikana kwamba watu wenye shida huishi katika nyeusi na nyeupe. Akakata picha chini, vitunguu vikaenda na kisu na ubao wake. Friji likazamishwa gizani na stika yake. Hereni zikafutika, moja kwanza, ya pili ikisumbua kidogo kwenye ncha ya sikio. Kisha akaingia usoni. Kila kamstari alikokakuta alikachimba mpaka kakawa mfereji, na pale ambapo hapakuwa na kamstari, alisaidia. Mwisho ukabaki mkono wa Baba Mkubwa. Akautazama, akaona hauna kazi, akaufunika kwa weusi mtupu.

Mke alirudi na kikombe cha chai akasimama nyuma yake.

"Huyu nani?"

"Mama Mkubwa."

"Maskini. Alifariki lini?"

Lenzi aliinamia kibodi. Alikuwa anatafuta jina la picha. Alijaribu "Upweke", alijaribu "Subira", akaona yote yamechakaa. Mwishowe aliandika neno moja: "Mjane".

"Lakini Baba Mkubwa yu hai," mke alisema. "Jana tu alikuja kuazima ngazi."

"Hii ni sanaa, mke wangu. Ni ishara."

"Ishara ya nini?"

"Ukishaiuliza, inakufa."

"Basi ikifa itamkuta Baba Mkubwa huko," mke akasema, akabeba chai yake. "Mimi simo."

Picha ikapita. Haikupita tu, bali klabu iliipenda hata ikaichapisha kwenye bango kubwa la kutangaza maonyesho, ikalitundika juu ya mlango wa maktaba, mkabala na benki, mahali ambapo mji mzima hupita angalau mara moja kwa juma. Lenzi alitembea kichwa juu kama twiga. Mama Mkubwa hakuambiwa kitu. Alitaka kumshtukiza, alisema. Na kweli, hapo hakudanganya.

Mambo yalivyokuwa, Lenzi alisimuliwa baadaye. Asubuhi moja mtu alibisha hodi kwa Mama Mkubwa. Alikuwa fundi magari, rafiki wa Baba Mkubwa wa tangu ujana, ambaye walipoteana kidogo kwa sababu ya shughuli. Alikuwa amevaa koti la heshima na uso wa kufanana nalo. Alikuwa ameliona bango, akaitambua pua ya Mama Mkubwa pamoja na mateso yote yaliyoizunguka, akasoma neno lililoandikwa chini, akalia njia nzima kwa kujilaumu kwamba hakuenda kumtazama mwenzake hata siku moja.

Mlango ulifunguliwa na Baba Mkubwa, mswaki mdomoni.

Walitazamana.

"Kuna nini?" Baba Mkubwa aliuliza, povu likimdondoka. "Mbona hivyo? Nani kafa?"

"Wewe," fundi akasema, akakaa palepale kizingitini.

Mchana ule simu ya Mama Mkubwa haikupumzika. Wengine walimpa pole, wengine walimlaumu kwa kuzika kimyakimya kama anaficha kitu, na mmoja, mjane halisi, alimpa ushauri asiharakishe kugawa nguo. Jioni akampigia Lenzi. Sauti yake ilikuwa tamu. Lenzi, aliyekulia chini ya sauti ile, alijua kwamba ikikaripia kuna matumaini. Ikiwa tamu, jiandae.

"Shikamoo, Mama Mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Nasikia nimefiwa. Hayo maonyesho yanafunguliwa lini, nije niione huzuni yangu?"

Siku ya ufunguzi ukumbi ulijaa. Jaji mkuu alikuwa bwana mwembamba aliyevaa skafu katika joto lile, kwa hiyo hakuna aliyetilia shaka utaalamu wake. Alikuwa anawazungusha wageni kutoka picha hadi picha, na walipofika kwenye "Mjane" alishusha sauti kama yuko wodini. Lenzi alikuwa kando yake, mikono nyuma, anajitahidi kuonekana mnyenyekevu.

Hapo ndipo walipoingia. Mama Mkubwa alikuwa amevaa gauni lake la rangi ya chungwa, hereni zinameremeta, marashi yanatangulia. Baba Mkubwa alimfuata, amechomekea, soksi zimepatikana. Lenzi alirudi hatua moja nyuma ya jaji.

"Tazameni macho haya," jaji alikuwa anasema. "Mwanamke huyu hajala tangu jana."

"Ala!" Mama Mkubwa akasema. "Na wewe umejuaje?"

"Picha inasema, mama," jaji alimjibu kwa subira ya mtu aliyezoea kuelimisha. Alimtazama usoni kabisa wala hakumtambua. "Na hapa kushoto, mnauona huu weusi? Huu ndio ustadi wenyewe. Hapa ndipo alipokuwa mume. Ameondoka, lakini bado tunamhisi."

"Mnanihisi?" Baba Mkubwa akauliza.

Watu waligeuka.

"Samahani, mzee?"

"Nauliza kama mnanihisi vizuri, maana hapo ndipo nilipokuwa. Mkono wangu ulikuwa hapo na saa yake. Huyu ni mke wangu, na huyo mpiga picha ni mtoto wetu wa kumlea. Mimi nilikuwa nauliza soksi."

Kicheko kilianzia nyuma, kwa msichana mmoja aliyejaribu kukizuia kikamtokea puani, kisha kikaukamata ukumbi wote. Mke wa Lenzi alikuwa amesimama karibu na dirisha. Hakucheka. Alifunika uso kwa kipochi na mabega yakawa yanapanda na kushuka.

Jaji aliomba kuiona picha ya awali. Lenzi aliifungua kwenye simu. Jaji akaitazama: friji, stika, kitunguu, mkono.

"Kumbe ni mama tu, anapika," alisema, kwa masikitiko ya mtu aliyeibiwa.

Hakukuwa na mjadala mrefu. Picha ilishushwa, Lenzi akaondolewa mashindanoni mbele ya kadamnasi, na ushindi ukaenda kwa mtu wa posta aliyempiga picha mbwa akitoka mvuani. Jaji alieleza kwamba mbwa yule anawakilisha tumaini. Mbwa hakuwepo kukanusha.

Lenzi aliwakuta Mama Mkubwa na mumewe nje, kwenye benchi la kusubiria, chini ya bango. Alisimama mbele yao kama zamani alipovunja vyombo.

"Nisameheni. Nilidhani..."

"Ulidhani nini? Kaa hapa." Akakaa. "Umenivua hereni, nikanyamaza. Umeninyang'anya friji, nikasema mtoto hana adabu lakini ni mtoto. Umemuua mume wangu. Umenizeesha miaka ishirini mbele ya benki! Ulitaka nibaki na nini?"

"Nilitaka huzuni, Mama Mkubwa," Lenzi alisema, na alipolisikia neno hilo likitoka mdomoni mwake mwenyewe, lilikuwa la kijinga kuliko alivyotegemea.

Mama Mkubwa hakupaza sauti. "Mwaka jana Baba Mkubwa wako alipopasuliwa, nilikaa kwenye korido ya hospitali nikalia mpaka kifua kikauma. Ulikuja. Ulikuwa na hiyo kamera yako. Unakumbuka ulipiga nini?"

Lenzi alikumbuka. Alipiga dirisha. Kulikuwa na mwanga mzuri ukiingia kwa mshazari, na aliusogelea, akapiga mara nyingi, wakati nyuma yake mtu fulani analia. Picha zile aliwahi hata kumwonyesha mkewe, akasifia vivuli.

"Sikutaka unipige," Mama Mkubwa alisema. "Hata kidogo. Nilitaka ukae."

Kwa mara ya kwanza tangu ajiite msanii, Lenzi alikaa tu. Aliinamisha kichwa. Baba Mkubwa, ambaye hakuwa mtu wa mambo ya namna hiyo, alikohoa akamuuliza kama lile duka la viatu pale kona bado lipo. Lenzi akasema lipo. Wakakaa hivyo, watatu, mpaka watu wakaanza kutoka ukumbini na kuwatambua.

Adhabu ilitangazwa kabla hawajaachana: Jumamosi aje nyumbani, awapige picha yao wawili sebuleni, ya rangi, mume akiwemo mzima.

Alikuja na mkewe na kompyuta. Aliwapiga vizuri, kwa mwanga safi, bila hila, na alipoiona kwenye kompyuta alisisimka. Ilikuwa picha ya kweli: nyuso mbili zilizochoshana na kuzoeana. Alijisemea kwamba hii hataigusa hata kidogo.

"Hiki kidevu cha pili cha nani?" Mama Mkubwa aliuliza, kidole kwenye kioo.

"Ni... ni chako, Mama Mkubwa."

"Futa."

"Lakini si ulisema—"

"Yale yalikuwa mashindano. Hapa jaji ni mimi. Na hii mikunjo ya macho pia."

"Mikunjo ni hadithi ya maisha ya mtu."

"Hadithi yangu naijua. Futa."

Baba Mkubwa alisubiri kwa heshima zamu yake ifike, kisha akainama sikioni kwa Lenzi na kuomba nywele. Si nyingi. Za kiasi cha kuchana tu. Lenzi alimtazama mkewe kuomba msaada. Mkewe akakumbuka kwamba ana kitu cha kufanya jikoni, na kutoka huko vikasikika vicheko vya mtu anayejifunika kitambaa cha vyombo.

Picha ilitundikwa sebuleni, juu ya televisheni, katika fremu ya dhahabu. Fundi bomba aliyekuja kuzibua sinki aliitazama, akauliza kama hao ni watoto wa nyumba hii. Mama Mkubwa alimwongezea chai na hakulalamika hata kuhusu sinki lililoendelea kuvuja.

Habari zikasambaa kwa mashoga zake. Siku hizi Jumamosi mchana duka la miwani likifungwa, kuna kiti kimewekwa mbele ya pazia la buluu, na mlangoni foleni ya wanawake waliopambika. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuomba ukweli. Wa kwanza akikaa, huuliza lilelile: "Utanipunguza miaka mingapi?"

Na Lenzi huinua kamera, hufumba jicho moja. "Shusha kidevu kidogo, mama," husema. "Hapo hapo. Usijiguse, kugusa ni kazi yangu."