Taa ya Volti Mia na Sitini

Saa kumi na mbili na nusu jioni Baba alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda chake, Ujiji, amevaa viatu.

"Asanteni kwa ukarimu," aliniambia. "Sasa nirudisheni nyumbani."

Nyumba ile aliijenga mwenyewe. Tangu kumbukumbu ianze kumtoka, mchana anaijua vizuri. Huanza kuaga taa ikiwashwa. Mimi hufundisha fizikia shuleni Gungu, kwa hiyo nilianza na taa.

Enzi za mashine za dizeli, umeme wa jioni ulitufikia umechoka, volti mia na sitini hivi, na balbu ya chumba hiki iliwaka kwa wekundu wa mawese. Siku hizi unakuja kwa volti mia mbili na thelathini, na taa ni nyeupe.

Nilitafuta balbu za zamani, zenye waya ndani. Waya huo ukipata moto, ukinzani wake hupanda. Ukiulinganisha na ule wa baridi, unapata joto lake. Kwa umeme wa sasa, balbu ya wati sitini ilifika kelvini elfu mbili na mia saba. Kwa volti mia na sitini ingekuwa kama elfu mbili na mia tatu.

Jana niliunga mbili za wati sitini mfululizo, zigawane umeme. Elfu mbili na hamsini: wekundu wa makaa.

"Da Hasna," mdogo wangu Shadya alicheka, "unamchomea Baba mishikaki?"

Baba hakucheka. Aliomba kofia yake, akasimama mlangoni mpaka alipochoka.

Leo nilibadilisha moja, nikaweka ya wati mia na kuificha nyuma ya kabati. Ile ya sitini, yenye ukinzani mkubwa zaidi, sasa ingepata zaidi ya nusu ya umeme. Nilipima mara mbili: elfu mbili na mia tatu na kumi.

"Na akikataa?" Shadya aliuliza, safari hii bila utani.

"Nitapima tena."

Sikumwambia kwamba nami nilikuwa nimeukumbuka ukuta wa chumba kile, ulivyokuwa mwekundu jioni za utoto wetu.

Taa ilipowashwa, Baba, viatu miguuni, aliitazama balbu, kisha ukuta, kisha mimi.

"Hasna," alisema. "Umerudi saa ngapi?"

"Sasa hivi, Baba. Shikamoo."

"Marahaba."

Akainama, akafungua kamba, akavua kiatu cha kulia, kisha cha kushoto, akavisukuma chini ya kitanda.