Upande wa Walio Hai

Voichița alikuja na neno moja kutoka Torino, na mpaka siku ya sikukuu ya Mama wa Mungu alikuwa bado hajalitamka. Hakuja likizo tu mwaka huu. Alikuja kumwambia babake kwamba harudi tena kuishi kijijini: binti yake Ilinca ameolewa hukohuko Italia, mjukuu yuko njiani, na yeye mwenyewe amenunua nyumba ya vyumba viwili karibu nao. Miaka yote kila Agosti alikuwa akisema, "Bado mwaka mmoja, baba," kama mtu anayembembeleza mtoto alale.

Ibada ilipokwisha, magari ya wanakijiji waliorudi likizo, yenye namba za Italia na Uhispania, yakiwa yamebanana hadi kwenye mahindi ya watu, babake, mzee Toader, alimshika mkono.

"Njoo huku nyuma, makaburini. Kuna kitu nataka ukione."

Lilikuwa jiwe la kaburi, jeusi, jipya. Juu kabisa jina la marehemu mama yake Voichița, Saveta, na miaka yake miwili, wa kuja na wa kuondoka. Chini yake Toader: mwaka wa kuzaliwa, kistari, kisha pengo. Hilo halikumshtua. Mzee gani pale hajajichongea jiwe mapema? Ila chini ya Toader palikuwa na jina la tatu, na jina hilo lilikuwa la Voichița mwenyewe. Mwaka wa kuzaliwa, kistari, pengo.

Nuțu, mchonga mawe, alikuwa amepiga magoti akipaka herufi rangi ya dhahabu.

"Karibu, dada. Wewe nimekuchonga vizuri kuliko babako. Lakini hiyo tarehe ya pili usiniharakishe, nina kazi nyingi."

"Muone na mdomo wake," alisema Toader akicheka. "Nimekuwekea nafasi, mwanangu. Umewafulia wazee wa watu mashuka huko Italia ujana wako wote. Angalau mwisho ulale kwako."

Voichița aliona aibu, na chini ya aibu kulikuwa na hasira: nani alimwambia babake achongeshe kabla ya kuuliza? Lakini angeuliza nini, naye kila mwaka anajibiwa bado mwaka mmoja? Kosa lilikuwa la Voichița mwenyewe, akajua kwamba akinyamaza leo atanyamaza mpaka amzike.

"Baba, sirudi."

"Mwaka huu?"

"Sirudi kabisa. Ilinca anajifungua Oktoba. Nimenunua nyumba huko."

Brashi ya Nuțu ilisimama. Toader alivua kofia, akaipangusa vumbi lisilokuwepo.

"Mama yako ana mimi," alisema hatimaye. "Mimi ndiye ninayemwashia mshumaa. Mimi mwenyewe nina nani?"

Voichița alilia kwa sauti, mbele ya mchonga mawe na majirani waliopita na vikapu vyao.

"Nuțu," mzee aliuliza, "hilo jina linafutika?"

"Kwenye jiwe, mzee? Nikilichimba litabaki shimo."

"Basi liache. Jina haliombi chakula."

Akaenda zake, na Voichița akamfuata mpaka kando ya mlango wa kanisa, kwenye sanduku la bati lenye mchanga, lililogawanywa sehemu mbili: huku mishumaa ya walio hai, huku ya waliokufa. Toader alinunua miwili. Wa kwanza aliuwasha akauchomeka upande wa wafu, akamtaja Saveta. Wa pili aliuwasha pia, kisha akabaki nao mkononi, nta ikimdondokea vidoleni. Voichița alijua ni wa kwake. Aliutazama mkono ule kwa hofu, kwani hakujua tena babake anamhesabu upande gani.

Mzee aliuchomeka upande wa walio hai, akaushindilia mchanga vizuri usianguke.

"Huko kwenu," aliuliza bila kugeuka, na Voichița hakuwa amewahi kumsikia akiiita Torino hivyo, "lipo sanduku kama hili?"

"Lipo, baba. Wakatoliki walitupatia sisi Waorthodoksi kanisa lao la zamani. Lina pande mbili vilevile."

"Basi uniwashie na mimi, kila Jumapili. Uniweke huku kwa walio hai." Alivaa kofia yake. "Nuțu atakupigia simu siku yangu ikifika. Ndipo unihamishe."